Jina la Mtaa Hubadilika, Mstari Wake Hubaki



Nimetakiwa niseme machache juu ya mitaa ya miji yetu: ilivyopatikana, ilivyopangwa, na inavyotuhusu sisi wa hapa. Yawezekana mmoja wenu anajiuliza, Isaka ina mtaa gani wa kutolewa hotuba? Jibu langu ni kwamba mji ambao mitaa yake ingali inazaliwa ndio hasa unaopaswa kujifunza kutoka kwa mitaa iliyokwisha kuzeeka. Kwa hiyo nitaanzia Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, kisha tutarejea nyumbani kwa njia ya reli.

Barabara ya Samora inapita katikati ya jiji, si mbali na ufuko wa bandari. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, maana yake "chini ya migunga". Waingereza walipoitwaa nchi hawakujisumbua kutafuta jina jipya. Walilitafsiri tu likawa Acacia Avenue. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ikaitwa Independence Avenue. Baadaye barabara hiyo ikapewa jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji, aliyefariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba, 1986.

Sanamu nayo ilibadilishwa. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha mjini sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 pakawekwa sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo hiyo tunayoiita Sanamu ya Askari. Kwenye ncha moja ya barabara upo mnara wa saa, kumbukumbu ya Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Upande wa pili ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa zama za Wajerumani.

Basi tazameni: majina manne, sanamu mbili, tawala tatu, lakini mstari wa barabara ni ule ule. Jina hubadilishwa kwa tangazo moja. Mstari ukishajengewa nyumba pande zote mbili, kuuhamisha ni kazi ya vizazi.

Tena mstari huo haukuchorwa bila nia. Tangu enzi za Wajerumani kanuni za ujenzi ziliugawa mji kwa aina ya majengo, na kwa njia hiyo ziliwagawa watu. Wazungu walipewa upande wa bahari wenye upepo, biashara ikawekwa katikati, na Waafrika wakasukumwa Kariakoo. Waingereza waliuimarisha mgawanyo huo, na Mnazi Mmoja pakaachwa uwanja wa wazi kuutenga mji wa biashara na mji wa Waafrika. Kanuni zile za ubaguzi zilikwisha kufutwa, lakini atokaye Kariakoo kwenda bandarini hata leo anauvuka uwanja ule. Maamuzi ya mpima ardhi huishi kuliko serikali iliyomtuma.

Sasa turudi nyumbani. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na Isaka imekaa juu ya tawi hilo. Hivyo mstari wa kwanza wa mji wetu ulichorwa na mjenzi wa reli, ambaye shabaha yake ilikuwa Mwanza, si Isaka. Mstari wa pili ni barabara itokayo Tinde kwenda Kahama na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Kwa sababu reli na barabara hukutana hapa, ilijengwa bandari kavu, ili mizigo ishushwe kutoka katika mabehewa na kupakiwa katika malori. Mstari wa tatu ni reli ya kisasa: mkataba wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulitiwa saini mwaka 2021, na wa Tabora hadi Isaka mwaka 2022.

Palipo na malori pana dereva, na dereva anataka chakula, kitanda na vipuri. Ndiyo maana kila mwenye kibanda hukielekeza barabarani. Hakuna ubaya katika kutafuta riziki. Ubaya unaanza kibanda kinapogeuka nyumba ya matofali ndani ya hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa. Wananchi wengi wa nchi hii wamezijua mita hizo kwa alama ya X ukutani: ya kijani ina fidia, nyekundu haina. Na wengi waliobomolewa hawakuwa matajiri. Mwalimu aliyejenga kwa mkopo wa mshahara akibomolewa, nyumba imekwenda na deni limebaki.

Kwa hiyo hapana budi tufanye mambo matatu. Kwanza, mtu asinunue kiwanja kabla ya kuona ramani ya mipango na kuuliza mpaka wa reli na barabara. Pili, watumishi wa ardhi wasingoje mji ujae. Nafasi ya soko, ya maegesho ya malori na ya shule itengwe mapema, ili mtoto asilazimike kupenya katikati ya malori kwenda darasani. Tatu, walimu wawaongoze wanafunzi wachore ramani ya Isaka kama ilivyo, maana mwananchi anayeisoma ramani hadanganywi kwa urahisi na muuza viwanja.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mstari wa Dar es Salaam walituchorea wageni. Wa Isaka tuna nafasi ya kuuchora wenyewe. Majina ya mitaa tutayatafuta baadaye.