Alama Moja Mwishoni mwa Amri
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Nitasema jambo moja tu: jinsi mtu mwenye teminali moja alivyoweza kufanyiwa kazi mbili kwa pamoja.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza kutengeneza Unix kwenye kompyuta ya PDP-7. Teletaipu iliyoenea siku zile ilichapa herufi 10 kwa sekunde, juu ya karatasi. Mwanzoni mashine ilikuwa na teminali mbili, na kila moja ilipewa nafasi ya kazi moja. Ukiagiza, unasubiri.

Kisha programu ikapewa uwezo wa kuzaa nakala yake. Ritchie ameandika kwamba mistari 27 tu ilitosha. Sheli, yaani programu ipokeayo amri, sasa ilizaa mtoto, ikamtuma, ikamngoja. Ukitia alama ya & mwishoni mwa amri, haimngoji. Basi! Ni kama kiranja aliyemtuma mwenzake daftari la mahudhurio: aweza kusimama mlangoni, aweza kuendelea na shughuli zake. Ubongo wa mashine ni ule ule mmoja, unagawa muda huku na huku.

Lakini amri ya kuhamia sehemu nyingine ya mafaili ikaacha kufanya kazi. Mtoto alihama, akamaliza, akafa. Mzazi yuko pale pale! Ikabidi sheli ihame yenyewe.

Kuisimamisha kazi iliyokwisha kuanza na kuipeleka nyuma kulienea baadaye, kwa Unix ya Berkeley ya mwaka 1980.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nikiwa masomoni ng'ambo, jioni moja nilianzisha hesabu za tasnifu yangu kwa njia ya simu, nikatia &, nikakata, nikalala. Asubuhi hapana kitu. Simu ikikatika, mfumo ulizipelekea kazi zangu ishara ya kuzizima. Amri ya kuzikinga ilikuwapo, nohup, nami sikuijua. Zilikuwa zimebaki siku nne za kukabidhi. Usiku ule nikaandika nohup mbele na & nyuma, nikakata simu tena. Usingizi haukuja.