Mashauri kwa Vijana Wanaokwenda Kuomba Kazi ya Hoteli
(Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa reli mbele ya vijana na wazazi, Sori, Karungu)



Sisi ni watu wa reli, na reli haikufika Karungu. Mtauliza, basi, watu wa reli wana neno gani juu ya kazi ya hoteli? Neno letu ni kwamba mlango wa kazi ni mmoja. Sisi nasi tulisimama mbele ya meza tukaulizwa, "Kwa nini unataka kazi hii?" Tukajibu, "Bwana, tuna shida." Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Shida kila mtu anayo. Tajiri alitaka kusikia tunaweza kufanya nini.

Siku hizi vijana wetu wanakwenda Kisumu na Nairobi kuomba kazi katika hoteli za chakula cha haraka, ambako mteja hulipa kwanza kwenye kaunta, ndipo hupewa chakula. KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011, na nyingine nyingi zimefuata. Kijana asiye na ujuzi huanzia hapo: kaunta, jikoni au kufagia.

Usiseme hujui kazi. Wewe uliyeuza omena hapa ufukoni na mama yako umehesabu pesa, umerudisha chenji, umevumilia mteja mwenye maneno makali, tena umeamka kabla ya jua. Yaseme hayo. Watakuuliza, "Mteja akidai amepewa chakula sicho, utafanyaje?" Jibu: nitamsikiliza, nitamwomba radhi, nitamwita msimamizi, chakula kibadilishwe. Usiseme utabishana naye. Fika mapema, nguo safi, kucha fupi, simu imezimwa.

Lakini, ndugu, kuulizwa si kwa upande mmoja. Nawe uliza, kwa adabu: Mshahara ni kiasi gani, na hulipwa lini? Kazi ni saa ngapi? Zamu ya usiku ikiisha, mtu hurudije nyumbani? Pesa zikipungua kwenye kaunta, nani hulipa? Tajiri mwema hakasiriki kwa maswali hayo.

Tena jueni sheria. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanyakazi walau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Muda wa kujaribiwa usipite miezi sita, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali uongezwe. Kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mkataba wa maandishi. Na kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Kwa hiyo andika katika daftari lako kila siku uliyofanya kazi. Daftari hilo ndilo shahidi wako.

Juu ya vyeti. Anayeshika chakula hana budi kupimwa na kupata cheti cha afya, nacho hufanywa upya kila miezi sita. Lakini cheti cha tabia njema cha polisi, na vile vya kodi na vya madeni, sheria ya 2022 yasema tajiri asivitake mpaka awe anakusudia kukuandika kazi. Basi msiuze mbuzi kununua vyeti vya kazi ambayo bado haipo.

Kijana mmoja wa kwetu alimpa mtu pesa ili "amwekee nafasi". Mama yake alikuwa ameuza nyavu. Alipofika mjini, simu ya mtu yule haikupatikana, na hoteli haikumjua. Alirudi, na nyavu hazikurudi. Wadogo zetu, kazi ya halali hainunuliwi. Anayedai pesa kabla ya kazi, mwacheni.

Mwisho, ukishaandikwa, usikae peke yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA. Uliza mwakilishi wake kazini kwako. Sisi wa reli twajua: mtu mmoja akinung'unika huambiwa ana kiburi, wakisema wote pamoja, huitwa mezani.

Nendeni mkaulizwe, nanyi mkaulize.