Gurudumu la Nyuma: Kuchagua Ringi na Spoki za Baiskeli ya Kwenda Kazini



Nimeombwa nizungumzie magurudumu ya kubadilisha. Nitakaa zaidi kwenye gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndilo linalotuangusha. Mwendeshaji amelikalia, keria imelielemea, na juu ya keria kuna mtoto wa shule au dumu la maji la lita 20.

Nianze na kipimo. Neno "28" limewatia watu wengi hasara. Ringi ya baiskeli ya Phoenix na ndugu zake, ile ya 28 kwa 1½, ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya nazo huitwa 28, lakini nyingi ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, na tairi la hii halikai kwenye ile. Soma ubavuni mwa tairi lako kuukuu: ukikuta 40-635, namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi. Iandike, uende nayo dukani.

Kisha tazama breki. Breki za vyuma hubana ringi kwa ndani, upande unaoelekea habu. Breki za waya hubana ubavuni. Ringi ya alumini ukiifunga penye breki za vyuma, mipira ya breki haitapata pa kushika. Penye breki za waya nashauri alumini ya kuta mbili bila kusita, kwa sababu chuma chenye kromu kikilowa mvua, breki huteleza, na njia zetu za asubuhi zina watoto. Mwenye breki za vyuma abaki na chuma, akijua kwamba kikipinda shimoni fundi hukigonga kikarudi.

Sasa spoki, na hapa naomba mnivumilie. Mwaka jana nilinunua gurudumu lililofungwa tayari: ringi ya kuta mbili, spoki 36, linang'aa. Mwezi wa tatu spoki ikakatika upande wa friwili, wiki ileile ikafuata nyingine, kisha ya tatu. Nikalaumu chuma. Fundi wangu aliigeuza baiskeli miguu juu, akapitisha ukucha kwenye spoki za upande ule, moja baada ya nyingine, kama mpiga zeze. Moja ikalia sauti nyembamba, jirani yake ikatoa mlio mzito uliokufa, inayofuata nyembamba tena: zilizolia nzito zilikuwa zimelegea. Zilizokatika zote zilikatikia kwenye kona, pale spoki inapojikunja kuingia kwenye habu.

Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, alilieleza jambo hili katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981. Spoki za chini hazisimami kama nguzo. Uzito ukifika juu yake hupungua mkazo, zikipanda zinakazwa tena. Gurudumu la 28 huzunguka mara zipatazo 450 kwa kilomita moja. Spoki iliyolegea hucheza kila mzunguko, mfano wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa kwa mkono mpaka ukatike wenyewe.

Kwa hiyo nunua ringi, habu na spoki kila kimoja peke yake, umpe fundi afunge. Nyuma zisipungue spoki 36. Baiskeli za Kiingereza za zamani ziliwekwa 32 mbele na 40 nyuma kwa sababu hiyohiyo ya uzito. Hesabu matundu ya habu na ya ringi, yalingane. Spoki ya milimita 2 inatosha mtu mmoja. Mbeba mizigo atafute ya 2.3, mradi matundu ya habu yanaipitisha. Fundi akimaliza kukaza, azishike spoki mbilimbili zilizo sambamba, azibane kwa viganja kwa nguvu. Zitatoa milio ya kukwaruza zikijikalisha mahali pake, na ringi inaweza kwenda upogo kidogo. Ainyooshe tena. Hatua hii huchukua dakika chache na wengi huiruka. Mlipeni fundi muda huo.

Gurudumu langu lilifungwa upya kwa ringi ileile na habu ileile, spoki tu ndizo mpya. Tangu hapo halijakata hata moja. Nimekuja nalo leo, baiskeli iko pale nje chini ya mwembe. Tukitoka, lipigieni ukucha msikilize.