Mkate wa Weyerbusch: Maneno ya Katibu katika Sikukuu ya Mwaka wa Kumi



Tumeaswa tusisome hesabu leo, kwa kuwa zimechapwa katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Basi tutasema habari za mkate.

Katika mwaka wa 1846 mavuno yaliharibika katika milima ya Westerwald, nchi ya Ujerumani, na majira ya baridi yalipoingia watu wa Weyerbusch walishikwa na njaa. Meya wao alikuwa kijana wa miaka 28, jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen, Mkristo aliyeyashika sana mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo sura ya 25, juu ya wenye njaa waliolishwa. Serikali ilileta unga, lakini kwa sharti uuzwe kwa fedha taslimu. Mwenye njaa ana fedha gani? Raiffeisen aliwaendea wenye mali wa mahali pale, nao wakachanga. Tanuri likajengwa, na maskini wakapewa mkate kwa mkopo, walipe watakapovuna. Wenye mali wale walitoa fedha zao, na juu ya fedha walikubali kumwamini mtu asiye na kitu, jambo ambalo kwa wengi wetu ni zito kuliko kufungua mfuko.

Wala si vema kuipamba habari hii. Baadaye, katika Flammersfeld na Heddesdorf, Raiffeisen aliendelea kuwategemea matajiri wawasaidie wakulima maskini, na kadiri miaka ilivyopita ukarimu wao ulipoa. Kwa hiyo mwaka wa 1864 chama cha Heddesdorf kilipata mwendo mpya: mkopaji sharti awe mwanachama, na wanachama wote wadhaminiane kwa mali zao. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika, na binti yake Amalie ndiye aliyemsaidia kuandika. Alifariki mwaka wa 1888. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vina shina lao huko, na mwaka wa 2016 UNESCO ililiingiza wazo la ushirika katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Sisi nasi tulianza kwa zawadi. Wazee wanakumbuka kwamba mizani yetu ya kwanza ilitundikwa uani kwa mjane mmoja, ambaye alituachia ghala lake misimu miwili bila kodi. Hakutaka jina lake litajwe, nasi hatulitaji.

Lakini msimu uliopita mama mmoja mwanachama aliomba mkopo wa mbegu na mbolea. Mumewe alikuwa mgonjwa, na hisa zake hazijatimia. Kamati, nasi tulioshika kalamu tukiwamo, ilimkataa kwa muda usiozidi dakika tano. Kanuni zilikuwa upande wetu, na barua tuliyompelekea ilikuwa ya adabu sana. Tangu siku ile, kila tupitapo penye ghala la yule mjane, twaona haya.

Wako watakaosema kwamba chama si kanisa, na kwamba chama kikopeshacho ovyo hufa. Twakubali yote mawili. Hata mkate wa Weyerbusch ulikuwa mkopo, na mkopo hulipwa. Tunachoomba ni sehemu ndogo ya ziada ya mwaka huu itengwe iwe mfuko wa mbegu kwa mwanachama ambaye hisa zake hazijatimia, mradi majirani watatu wanachama wamdhamini kwa saini zao. Asipolipa, walipe wao. Mwenye kumjua mkulima ni jirani yake, si katibu aliye mezani.

Hoja hii itasomwa katika Mkutano Mkuu kabla ya kugawa ziada. Ombi la yule mama lingali katika faili, na mvua za vuli bado hazijaanza.