Tusikate sahani ya mtoto, tuzibe matundu: maneno kwa vijana wa Lubutu



Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi ao juu ya mukubwa fulani. Tunasema juu ya chumvi, sabuni, mawese, makala na mega za simu. Kuna watu watasema hayo ni maneno ya jikoni, si kazi ya harakati ya raiya. Sisi tunasema ni kazi yetu kabisa. Makuta yakikosekana mu nyumba, tunakataka nini kwanza? Tunajua wote. Chakula cha asubuhi kinaondoka. Kisha binti anabaki nyumbani, kaka yake njo anaendelea na masomo. Kisha mutu akigonjwa, tunanunua nusu ya dawa. Tunakata mahali panapoumiza, na mahali panapovuja tunapaacha wazi.

Neno letu la leo ni hili: mbele ya kukata sahani ya mtoto, tuzibe matundu. Matundu mengine yako mu nyumba zetu na tunaweza kuyaziba sisi wenyewe. Mengine yako inje, yametobolewa na wengine, na hayo hayazibwe na mutu mumoja.

Tuanze na sababu. Lubutu iko kwenye barabara ya Taifa namba 3, kati ya Kisangani na Walikale. Mchele, muhogo, sombe, ndizi na mawese tunavyo hapa, na mvua haitunyimi. Lakini chumvi, sukari, sabuni, kaye za watoto, dawa na petroli ya wakadafi vinatoka mbali. Barabara ikiharibika, bei inapanda. Vita ikija, bei inapanda. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa 1, Bukavu mwezi wa 2, na tarehe 19 mwezi wa 3 M23 wakaingia Walikale, mbele ya kutoka mwanzo wa mwezi wa 4. Familia zilikimbia zikifuata barabara hii. Kuna nyumba ambamo sufuria ya watu sita ilianza kulisha watu kumi na mumoja.

Mwaka huo huo tuliona ajabu ingine. Mwezi wa 8, dola moja ilikuwa franka zaidi ya 2 800. Mwezi wa 10 ikashuka chini ya 2 500. Ku radio wakatuambia franka yetu imepata nguvu. Mama alipofika ku soko, sabuni ilikuwa na bei ile ile. Dola ikipanda, bei inapanda asubuhi ile ile. Dola ikishuka, tunaambiwa stoki ni ya zamani. Basi mutu asimwambie raiya wa Lubutu kwamba yeye ni masikini sababu hajui kuhesabu. Anajua. Lakini kuhesabu peke yake, kila mutu na kichwa chake, hakutoshi.

Sasa tuingie mu nyumba.

Kwanza, kaye. Tafuta kaye moja na biki moja. Kwa muda wa siku thelathini andika kila franka inayotoka, hata ile ya 100. Usibadilishe kitu kwanza, andika tu. Papa aandike, mama aandike, kijana mwenye kufanya moto aandike. Mwisho wa mwezi mukae pamoja, mujumlishe. Hapo ndipo ukweli unatokea. Kijana anayeweka franka 500 ku pari ya mpira kila siku, kwa mwezi ni 15 000. Anayenunua mega za siku moja moja anaweza kukuta amelipa kuliko yule aliyenunua mara moja za mwezi. Anayetoa makuta ku simu mara nne kwa juma analipa gharama ya kutoa mara nne. Kaye haigombane na mutu, inaonyesha tu. Na tuseme wazi: mu nyumba nyingi mama njo anajua bei ya chumvi, lakini papa njo anaamua makuta yaende wapi. Kaye iwe juu ya meza, kila mutu aione.

Pili, tununue pamoja. Masikini analipaka bei ya juu kuliko tajiri, sababu ananunua kidogo kidogo. Tufanye hesabu ya mfano. Wewe utaweka bei ya soko yako. Tuseme bidoni ya mawese ya lita 20 ni franka 40 000. Ni franka 2 000 kwa lita. Sasa mawese yale yale yanauzwa kwa kikombe kidogo, vikombe vine kwa lita, kila kimoja 700. Lita inakuwa 2 800. Nyumba inayotumia lita mbili kwa mwezi imepoteza 1 600 juu ya mawese tu. Ongeza chumvi, ongeza sabuni, ongeza mchele, ongeza makala. Nyumba kumi zikikutana, kila moja ikatoa 4 000, zinanunua bidoni nzima na kila moja inapata lita zake mbili.

Mutasema: 4 000 kwa mara moja itatoka wapi? Ndiyo maana tuna likelemba. Wazazi wetu walikuwa nayo mbele yetu, na leo vikundi vya AVEC vinafanya kazi hiyo hiyo na sanduku yenye kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu. Kikundi kiwe kidogo, watu munaojuana. Kila juma kila mutu atoe kile anachoweza, kiandikwe mbele ya wote. Mara ya kwanza nunueni mawese. Mara ya pili sabuni. Mukizoea, nunueni paneli ya jua moja kwa nyumba tatu, na makuta ya kuchajisha simu yatabaki kwenu. Na mama anayeuza kwa kikombe si adui yetu. Yeye pia amelipa moto, amelipa bariere, na mawese yakimwangika ni hasara yake. Mwite mu kikundi, yeye njo anajua pa kupata bidoni ya bei nzuri.

Tatu, moto wa kupika. Maharagi yalale mu maji usiku kucha, yataiva mbio. Funika sufuria. Makala ikibaki mu mbabula, izime, kesho utaiwasha tena. Nyuma ya nyumba, hata kama ni hatua tatu tu za udongo, panda lenga-lenga na sombe. Mufuko wa zamani uliojaa udongo nao unaotesha mboga. Haya si maneno makubwa. Lakini mboga uliyochuma nyuma ya nyumba haikupita ku bariere hata moja.

Sasa, kuna vitu vitatu ambavyo hatukate, hata mwezi uwe mugumu namna gani. Hatukate dawa katikati: mutu wa malaria akimeza nusu, homa itarudi, na utalipa mara mbili. Hatukate masomo ya binti ili ya kijana yaendelee. Na hatukate sahani ya mugeni aliyekimbia vita. Yeye pia aingie mu kaye, aingie mu kikundi, mikono yake inaweza kulima na kuuza kama yetu. Kumuhesabu mugeni si kumufukuza.

Wandugu, hayo yote ni matundu ya ndani. Tukiishia hapo, tutakuwa tumewaambia masikini wajikaze zaidi, na hiyo si kazi yetu. Tuangalie matundu ya inje.

Tundu la kwanza ni masomo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya musingi ni ya lazima na ni ya bure ku masomo ya Leta. Tangu mwaka wa masomo wa 2019-2020 Serikali ilisema inaitumikisha. Hata hivyo wazazi wengi bado wanaombwa makuta yenye majina mengi: ya usafi, ya karatasi, ya kumusaidia mwalimu. Tunajua mwalimu anateseka na mushahara unachelewa. Lakini deni la Leta kwa mwalimu haliwezi kulipwa na mama anayeuza sombe. Ukiombwa makuta ya masomo ya musingi, uliza kwa heshima: ni sheria gani? Kitansi iko wapi? Usiulize peke yako. Wazazi waende kumi, pamoja na komite ya wazazi.

Tundu la pili ni barabara. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa ila kwa sheria. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu mbili tu, ya Kaskazini na ya Kusini. Bariere inayomukamata motari haiishii kwa motari. Anaiweka ku bei ya sabuni, na sabuni inafika mu nyumba yako. Kila franka inayotolewa bila kitansi, wewe njo unailipa jikoni. Wamotari, wenye baiskeli, wakina mama wa soko: andikeni mu kaye tarehe, mahali, na makuta muliyotoa. Musipigane na mutu mwenye silaha, uzima wenu ni wa kwanza. Andikeni, tuletee, tutakusanya na kupeleka kwa wakubwa wa teritware na kwa wabunge waliochaguliwa hapa.

Kuna wanaosema: mutaandika, na hakuna kitu kitabadilika. Wakumbuke RAM. Mwezi wa 9 mwaka 2020 walianza kukata inite ku simu zetu, dola 1 kwa mwaka ku simu ndogo, dola 7 ku simu ya 3G na 4G. Kila mutu alifikiri simu yake njo ina shida. Halafu watu wakaanza kuulizana, vijana wa harakati za raiya wakapaza sauti mu miji, maneno yakafika ku Bunge. Tangu tarehe 1 mwezi wa 3 mwaka 2022 RAM ikasimamishwa. Hakuna nyumba ingeweza kuzuia makuta hayo peke yake. Yalizuiwa na watu waliokataa pamoja.

Kwa hiyo, mbele ya kuachana leo, tunaomba kazi tatu. Kesho, anza kaye. Juma hili, tafuta nyumba tisa ingine, mupange kitu kimoja cha kununua pamoja. Na mwisho wa mwezi, leteni ku mukutano kaye zenu za bariere na za masomo, bila majina ya watu kama munaogopa. Tutasoma jumla mbele ya wote, ili muji mzima ujue ni kiasi gani kinatoka mu nyumba zetu bila kununua hata chumvi.

Sahani ya mtoto isiguswe. Matundu tuyazibe pamoja.