Njia za Baiskeli Katika Milima ya Zabibu



Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, mizabibu imelimwa tangu karne ya 17, na juu yake, katika bonde la Jonkershoek, serikali ilipanda misonobari. Siku hizi miteremko hiyo hupitiwa na waendesha baiskeli za milimani. Mashindano ya Cape Epic, yaliyoanza mwaka 2004, yamewahi kupita huko. Washindani huenda wawili wawili, na hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2. Mgeni wa kawaida hulipia kibali, hula, kisha hununua chupa ya mvinyo, wala si ajabu, maana vumbi la mlimani hukausha koo.

Lakini njia moja hupita mashamba ya watu wengi. Mmoja akifunga lango lake, njia yote imekatika, na jirani zake hukosa mapato. Kwa hiyo makubaliano hayana budi kutangulia jembe: fedha za vibali zigawanywe vipi, na ni wapi baiskeli zipishe matrekta wakati wa mavuno, hasa Februari na Machi.

Adui mkubwa ni maji. Njia inayoshuka moja kwa moja hugeuzwa korongo na mvua za Juni hadi Agosti, na udongo wa shamba huondoka nayo. Njia bora hukata mteremko kwa ubavu, ukingo wake wa chini ukiinamishwa kidogo ili maji yatoke upesi. Kazi hiyo hurudiwa kila mwaka, nayo ndiyo husahauliwa kwanza bajeti inapopangwa.