Juu ya Mahali pa Kununua Nyumba za Kupangisha
Hotuba iliyosomwa na Karani katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mlitutuma sisi wa Halmashauri tutafute mahali pa kununua nyumba za kupangisha, kwa akiba ile ile itulipiayo mazishi na karo za yatima. Wengi wenu mwapendelea Mtito Andei. Sisi twaegemea Voi, nasi yatupasa kuwaeleza sababu.

Mtito Andei uko karibu nusu ya njia baina ya Nairobi na Mombasa, na kwa miaka mingi ulitegemea sana madereva wa malori. Walikula na kulala pale, na waliowahudumia walipanga vyumba. Mizigo ilipoanza kuchukuliwa na reli mpya mwaka 2018, malori yalipungua, na wateja pamoja nayo. Mji haukufa, lakini mlango wake mkubwa wa riziki ulifungwa nusu. Yaliwapata pia wenye nyumba karibu na vyuo vikuu, vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona.

Voi nako reli yapita, lakini iko pia njia panda ya kwenda Mwatate, Taveta na Tanzania. Iko mbuga ya Tsavo. Iko hospitali, na shule. Mwalimu, muuguzi na mtumishi wa hoteli hawakosi mshahara siku moja wote pamoja. Kasoro ya Voi ni maji, ambayo hukatika. Hatutakuwa na budi kuweka tangi.

Wako wasemao kwamba bei ya viwanja yapanda. Anunuaye ili amwuzie mwenzake hupandisha bei, lakini halipi kodi ya chumba. Tuseme vyumba 10 vya shilingi 3,500 kwa mwezi: kwa mwaka ni 420,000. Vitatu vikikaa vitupu, zabaki 294,000, ilhali paa huvuja vile vile. Ndiyo maana tulikwenda jioni tukahesabu taa madirishani, tukawauliza wauza maji wa mikokoteni, ambao wazijua nyumba zenye watu kuliko dalali yeyote.

Upekuzi wa hati tumeuomba katika ofisi ya ardhi. Jibu halijafika, na kabla halijafika senti moja haitatoka. Twaomba idhini yenu tuendelee na Voi.